Mwembe wa Mtu, Shamba la Mtu

Mpwa wangu anasomea sheria, mwaka wa tatu. Likizo hii amerudi Garsen na faili la plastiki lenye nakala za barua kumi na moja, zote za kuomba atachi, yaani nafasi ya kujifunza kazi, na zote amezipeleka penye muziki: studio, wasambazaji wa nyimbo, vyama vya kukusanya mirabaha, hata promota mmoja wa Mombasa. Wenzake waliomba mahakamani na kwa mawakili, wakapata. Yeye amejibiwa mara mbili. Jibu la kwanza lilikuwa barua ya kusema nafasi zimejaa. La pili lilikuja kwa simu, kutoka kwa mtu aliyesikika akicheka na wenziwe kabla hata hajajitambulisha.

"Wewe mwanasheria utatusaidia nini huku, binti? Si utatushtaki?"

Hayo alinieleza tukiwa kwenye hoteli ya stejini, pale mabasi ya Lamu yanapopumzika na abiria wakashuka kunyoosha miguu na kubishania bei ya embe. Redio ya kinyozi jirani ilikuwa inapiga kitu chenye besi nzito hadi vikombe vinatetemeka. Akasema bila kuniinulia macho:

"Mjomba, pengine wana haki. Pengine nimechanganya vitu visivyochanganyika."

Kazi ya mjomba ni kuyakataa maneno kama hayo papo hapo, nami nikayakataa. Lakini kukataa si kujibu, na tangu siku ile nimekuwa nikilibeba swali lake kama mtu aliyeachiwa mzigo wa abiria asiyerudi.

Nianze na neno lenyewe. Atachi silipendi. Linanipa picha ya kitu kilichobandikwa ukutani, kikianguka hakuna anayeshtuka. Kiswahili kina lake la siku nyingi: uanagenzi. Mgenzi ni msafiri aliyezizoea njia, anayejua kisima kiko wapi na ni kijiji gani usilale. Mwanagenzi ni yule anayemfuata nyuma, hajui bado. Kwa hiyo anayeomba uanagenzi hata kiti cha ofisini si shida yake. Anachotafuta ni mgongo wa kuufuata. Na tatizo la mpwa wangu ni kwamba kwenye njia aliyoichagua wagenzi ni wachache. Kenya ina mawakili maelfu na wanamuziki maelfu, na mara nyingi wanakutana siku ambayo mmoja wao ameshaharibikiwa.

Nilimkumbusha habari ya Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani, ingawa anaijua. Kaburi lake wanalionyesha upande wa Kipini, Mto Tana unakomalizia safari yake, ndani ya kaunti yetu hii hii ya Tana River. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo yuko gerezani Pate, kifo kimeshapangwa, na anachoomba ni ngoma. Mama yake anampelekea mkate wa makapi kwa mkono wa kijakazi Saada, na ndani ya mkate mna tupa. Nje watu wanaimba na kucheza gungu. Chini ya kelele zao yeye anakereza minyororo. Wasomi wamesema mengi juu ya mkasa huo. Mimi hubaki na jambo dogo: waimbaji wale hawakujua wanamfungua mtu. Walikuwa wanaimba tu, na wimbo ukafanya kazi ambayo hakuna aliyeutuma. (Leo wangeshtakiwa kwa kusaidia mfungwa kutoroka, mpwa wangu akasema, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza siku ile.)

Ila kisa kinachomgusa yeye na barua zake kumi na moja hakimo utenzini. Kimo katika wimbo wa kubembelezea mtoto.

Mwaka 1963, Kenya ikikaribia uhuru, watu watano walipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi hawakuyaokota hewani. Waliyachukua katika wimbo wa Kipokomo ambao mama humwimbia mtoto anayelia, na aliyewaimbia ni mtu wa huku, Mzee Meza Moroa Galana. Wakayapanga upya, wakayatilia maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza, na bendera ya Mwingereza iliposhuka Desemba ya mwaka ule, sauti ya kando ya Mto Tana ndiyo iliyopigwa.

Fikiria safari ya sauti hiyo. Ilizaliwa kifuani mwa mama, kazi yake kulaza. Leo ikipigwa, uwanja mzima unasimama. Mwenye kofia anavua, askari anakakamaa. Iko kwenye Katiba ya 2010, Jedwali la Pili, kando ya bendera na ngao, na nota zake zimechapishwa humo kama vile zilizaliwa zikiwa zimeandikwa. Niliwahi kusimama kwenye paredi ya shule ya msingi hapa petu, Jumatatu asubuhi, bendera ikipanda. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye mtoto mgongoni, amesimama wima kama sisi sote. Ubeti wa kwanza haujaisha, mtoto akasinzia. Katika umati ule, nadhani yeye peke yake aliusikia wimbo kwa kazi yake ya mwanzo.

Miaka nenda miaka rudi, Tana River kumekuwa na lalamiko kwamba mzee na jamii yake hawakuonja chochote cha maana kutokana na mahadhi yale. Mpwa wangu analo jibu la kisheria juu ya lalamiko hilo, na mimi sikulielewa mpaka nilipolitafsiri kwa miembe.

Pwani yetu, mwembe unaweza kuwa wa mtu na shamba likawa la mtu mwingine. Mnazi vivyo hivyo. Babu anampa jirani ruhusa ya kupanda, jirani anapanda, miaka inapita, shamba linauzwa, na mti unabaki wa aliyeupanda na wanawe. Wageni wanaonunua ardhi huku hushangaa msimu wa kwanza tu: wamekwisha kuzungusha ua, wanaamka asubuhi, wanamkuta mzee ndani na ngazi na vikapu, anawasalimia kwa adabu na kuendelea kuangua. Hakuna aliyeibiwa. Chini kuna haki ya mmoja, juu kuna haki ya mwingine, na embe likishauzwa kwa mchuuzi lina mwenyewe wa tatu.

Muziki ndivyo ulivyo mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, mahadhi yana haki yake, maneno yana haki yake, na rekodi iliyopigwa studio ina haki yake, kila moja na mwenyewe na kila moja na umri wake. Ya mtunzi hudumu uhai wake na miaka 50 baada ya kufa. Kijana wa Garsen anayelipwa apige gitaa siku moja Malindi, akatia sahihi karatasi ambayo hakuisoma, pengine ameuza mwembe akidhani anauza kikapu cha embe.

Mwaka 2021 jambo hili lilianikwa juani. Video moja ya YouTube iliyokuwa na wimbo wa taifa wa Kenya ndani yake iliwekewa dai la hakimiliki kwa jina la kampuni ya Uingereza, De Wolfe Music. Wakenya walichachamaa, na kwa haki: Mwingereza tena? Bodi ya Hakimiliki Kenya ikabidi ieleze. Kazi ya serikali hulindwa kwa miaka 50. Iliyotolewa 1963 muda wake ulikwisha, na kinachobaki ni heshima ya wimbo, inayolindwa na sheria ya bendera, nembo na majina ya taifa. Mtu yeyote anaweza kukodi wanamuziki, akawapigisha wimbo ule na kuimiliki rekodi yake. Hilo ni embe. Mwembe haumo.

Na shamba? Hapo ndipo mpwa wangu huinamisha kichwa. Kwa hesabu hii serikali ilikuwa na mwembe kwa miaka 50, kampuni ina kikapu, na shamba la chini kabisa, lile la mama wa Kipokomo, halikuwahi kuwa na hati. Sheria ya wakati ule ilikuwa ikimtafuta mtunzi mwenye jina na tarehe, na wimbo wa kubembeleza hauna vyote viwili. Umetungwa na wote waliowahi kukesha na mtoto.

Na kuwa na jina pekee hakutoshi: Afrika Kusini kulikuwa na Solomon Linda, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 na kuziuza haki zake kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine, yeye akafa fukara mwaka 1962. Miongo minne baadaye wakili mmoja akafukua sheria ya kifalme ya 1911, ile iliyotandazwa juu ya makoloni, akakuta kifungu kinachozirudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Binti za Linda wakapata suluhu mwaka 2006. Nilipomsimulia mpwa wangu alikuwa anakijua kifungu chenyewe kwa namba. Basi yule bwana wa kwenye simu, aliyeuliza mwanasheria atasaidia nini, nadhani hapo angepata la kumtosha.

Na haya hayako mbali na sisi. Malindi, safari ya saa mbili kwa basi lisiloharibika, wanamuziki wawili walikwenda Mahakama Kuu wakapinga kifungu cha 30A cha Sheria ya Hakimiliki, kilichofanya pesa zao zipitie kwenye vyama vya ukusanyaji kabla ya kuwafikia. Ugomvi ulikuwa wa milio ya Skiza, zile nyimbo anazosikia mpigaji simu akisubiri kupokewa. Mwaka 2016 jaji akaamua kwamba kifungu kinakiuka Katiba. Mwaka 2022 Bunge nalo likaandika mgawo wa milio ya simu kwenye sheria: msanii asipate chini ya asilimia 52, kampuni ya simu 39.5, mtoa huduma wa katikati 8.5. Nikizisoma zile nukta tano nawaona madalali wa embe wakiwa na lori lao kando ya barabara ya Hola, wanahesabu mpaka lililopondeka.

Lakini pesa ni sehemu rahisi ya swali. Zamani, na hata leo harusini, anayeguswa na wimbo huinuka akaenda kumtuza mwimbaji mbele ya watu. Noti inapanda kwenye paji la uso au inaingia mkononi, macho yanakutana, deni limekwisha. Hakuna mkataba kwa sababu hakuna umbali. Mrabaha, nikiufikiria vizuri, ni tuzo la mtu aliyeguswa akiwa mbali, ndani ya matatu ya Kisumu au jikoni kwa watu Muscat, hana namna ya kuinuka na kumfikia mwimbaji. Tuzo hilo limeanza safari peke yake, na njiani kuna wengi wenye mifuko. Linahitaji mgenzi wa kulisindikiza. Nilipomwambia mpwa wangu hivyo aliliandika nyuma ya bahasha, kisha akaniuliza kama anaweza kulitumia kwenye barua ya kumi na mbili. Nikasema nitamdai mrabaha.

Kuna mahali, hata hivyo, mimi naye tunaachana njia.

Yeye anaamini sana ile sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Katiba, ibara ya 11, ililiagiza Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na sheria hiyo ndiyo iliyozaliwa. Humo mwenye haki anaweza kuwa jamii, si lazima mtu mmoja. Kaunti zimepewa kazi ya kuorodhesha, na ulinzi haufi kwa kuhesabu miaka. Ndoto yake ni kuona daftari la Tana River limejaa nyimbo, kila moja na jamii yake mbele.

Nami likija neno "jamii yake" huwa nahisi baridi. Mimi ni mtu wa delta. Hapa kuna Wapokomo wanaolima kingo za mto, Waorma na Wawardei wanaochunga, Wabajuni na Wagiriama, na wengine ambao hawajawahi kuhesabiwa vizuri. Mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 swali la "ya nani?" liliua zaidi ya watu 100 huku kwetu: ardhi ya nani, maji ya nani, malisho ya nani. Sasa tuchukue kalamu tuulize na wimbo wa kulaza watoto ni wa nani? Mama wa Kiorma aliyeolewa karibu na mashamba, akiusikia miaka thelathini na kuuimba kwa lugha yake, tumwandike safu gani? Lugha yetu yenyewe inatusukuma huko. Tumesema hakimiliki, tukaifunga haki kwenye miliki kama mbuzi kwenye kigingi, na haki peke yake ilikuwa neno pana kuliko hilo.

Nikamwambia habari ya malka. Wafugaji hapa wana njia zao za kuteremsha mifugo mtoni, zinakatiza katikati ya mashamba, na njia hizo huitwa malka. Malka haina mwenyewe kwa maana ya hati. Wazee wanajua inapita wapi, ng'ombe wanajua, na mkulima anajua asipande hapo. Mto ukihamisha mkondo, kama unavyofanya delta, malka nayo inajadiliwa upya. Nikasema wimbo ungeachwa uwe malka: apite anayepita, ila asizibe.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama wanavyofundishwa wanasheria.

"Mjomba, malka zimezibwa ngapi?"

Nikanyamaza, kwa sababu zimezibwa nyingi, na damu ya 2012 kwa sehemu ilitoka hapo.

"Zilikuwa zinajulikana na wazee," akasema. "Wazee wakafa. Yule aliyekuja na hati hakuwa na habari ya wazee. Asiyeandikwa ndiye anayenyang'anywa, Mjomba. Nasi tukiogopa kuuliza wimbo ni wa nani, atauliza mtu wa mbali, na atajibu mwenyewe."

Sina jibu la kumshinda. Nilichobaki nacho ni hisia kwamba "ya nani?" ni swali la pili, na kwamba kila kitu kinachokuja mbele ya sheria kimekwisha kulipita swali la kwanza: ya nini? Wimbo wa kulaza ulikuwa wa kulaza. Ulipogeuzwa wa kusimamisha, ndipo ukahitaji mwenyewe. Huenda uanagenzi anaoutafuta upo hapo katikati, kwa mtu anayeweza kusoma mkataba na bado akawa na subira ya kuusikiliza wimbo hadi uishe ndipo aulize. Ofisi yenye kibao cha kazi hiyo sijaiona.

Wiki iliyopita aliacha kuandika barua. Alichukua daftari akalipiga mistari: jina la wimbo, anayeimba, aliupata kwa nani, huimbwa wakati gani. Safu ya tano aliipigia mstari akaiacha bila kichwa. Akaanza na nyanya yake, ambaye ni mama yangu, chini ya mwembe wa uani ambao, ukitaka kujua, si wetu.

Mama aliimba wimbo wa kwanza, jenereta ya jirani ikaiharibu rekodi. Tukasubiri izimwe. Katika kusubiri, mpwa wangu akatoa karatasi ya ridhaa aliyoiandaa mwenyewe, akamsomea nyanya yake taratibu: kwamba sauti ni yake, kwamba rekodi haitauzwa wala kupewa mtu bila yeye kukubali, kwamba jina lake litatajwa. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, akauangalia wino wa kidole, akaiangalia karatasi.

"Nikishatia kidole hapa," akauliza, "nitaruhusiwa bado kuuimba?"

Mimi nilicheka. Mpwa wangu hakucheka. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Ngoja, nyanya. Ngoja nihakikishe."

Akatoa simu kutafuta kifungu. Mtandao wa Garsen saa nane mchana unajulikana. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka. Mama alingoja kwa heshima. Upande wa pili wa ua mjukuu wa jirani alikuwa ameamka na anaanza kulia, na mama akageuza kichwa kule sauti ilikotoka.